Ndege ya Majini Haina Breki

Kila wazo la kuleta ndege za majini katika Mkoa wa Pwani linapotajwa, mjadala huanzia pale pale: zitatua wapi, tiketi itauzwa bei gani, watalii watakuwa wangapi. Ni maswali halali, na watakaotakiwa kuyajibu ni viongozi na wataalamu wanaokaa Kibaha, makao makuu ya mkoa, ingawa maji yenyewe yako mbali nao, huko Mafia na katika Delta ya Rufiji. Lakini kuna swali linalotangulia hayo yote: injini ikishawaka na ndege ikiwa bado gatini, propela inafanya nini? Ndege ya nchi kavu ina breki kwenye magurudumu. Rubani wake anaweza kuwasha injini, akasubiri joto litulie, akasoma geji moja baada ya nyingine, ndege ikiwa imesimama tuli. Ndege ya majini haina breki. Ikisukumwa inakwenda, na isiposukumwa inachukuliwa na upepo au mkondo. Kwa hiyo nasema sifa ya kwanza ya kuipimia ndege ya majini yenye injini za turbini isiwe nguvu ya injini wala idadi ya viti. Iwe ni uwezo wa propela kuiacha injini iwake bila kuisukuma ndege, kisha kuisukuma mbele au kuivuta nyuma mara rubani anapotaka.

Maji ya mkoa huu si mageni kwa ndege za aina hii. Mwishoni mwa 1914, manowari ya Kijerumani Königsberg ikiwa imejificha ndani ya Delta ya Rufiji, Waingereza walikodi ndege ndogo ya Curtiss kutoka Durban na kuirusha kutoka kisiwa cha Nyororo, karibu na Mafia, ili kuitafuta. Mwanzoni mwa 1915 zikaletwa ndege za majini za Sopwith, na hizo zilishindwa vibaya na joto na unyevu wa pwani, mara nyingi zikihangaika hata kujinasua majini. Manowari hiyo ilizamishwa na wenyewe tarehe 11 Julai 1915, baada ya kupigwa na meli zilizoelekezwa shabaha na ndege zilizoruka kutoka Mafia. Propela za wakati huo zilikuwa za mbao, pembe ya mapanga yake ikiwa imechongwa mara moja kwa maisha yote. Injini ikishawaka, msukumo ulianza papo hapo, na rubani hakuwa na namna ya kuuzuia isipokuwa kuizima injini. Zilipokuja ndege kubwa za Imperial Airways, ambazo kuanzia 1937 zilitua Kisumu, Mombasa, Dar es Salaam na Lindi zikielekea Durban, propela zilikuwa zimeboreka kwa kuweza kubadilishwa kati ya pembe mbili. Hata hivyo, injini zake nne za pistoni bado zilianza kuisukuma ndege tangu zilipowaka. Injini ya turbini ndiyo iliyofungua uwezekano mwingine, na si kila injini ya turbini iliufungua kwa njia ile ile.

Ili kuelewa tofauti hiyo, tuanze na pembe ya panga la propela. Panga likiwa na pembe ndogo, makali yake yanaelekea upande linakozungukia. Linaikata hewa kwa wepesi na kusukuma kidogo. Pembe ikiongezeka, panga linauma hewa zaidi na kuitupa nyuma, na hapo ndipo msukumo unapopatikana. Pembe ikifika mwisho, karibu nyuzi 90, panga linakuwa limelazwa: makali yake yanaelekea mbele ya ndege, na likizungushwa linaipiga hewa kwa bapa. Hewa hiyo inavurugwa kuzunguka shafti badala ya kutupwa nyuma, hivyo msukumo ni mdogo mno, ingawa kazi ya kulizungusha panga ni nzito. Kwa upande wa pili, pembe ikishushwa kupita sifuri, panga linaitupa hewa mbele na ndege inarudi nyuma. Mwanafunzi wa fizikia wa Kibaha Sekondari au Minaki anaweza kuyachora haya yote kwa mishale miwili, mmoja wa msukumo na mmoja wa ukinzani. Jambo la kushika ni kwamba kuna pembe mbili ambazo propela inaweza kuzunguka bila kuisukuma ndege sana, na pembe hizo ziko kwenye ncha mbili tofauti: pembe ndogo iliyo karibu na sifuri, na pembe ya mwisho ya kulazwa.

Kinachoyageuza mapanga ni oili yenye shinikizo. Katika propela nyingi za injini za turbini, oili inayatoa mapanga kwenye kulala na kuyapeleka kwenye pembe ndogo, hadi pembe ya kurudi nyuma, wakati springi na vyuma vya uzito vilivyofungwa kwenye mashina ya mapanga vinavutana nayo kuelekea kulala. Dereva wa lori la tela linalopita Kibaha katika Barabara ya Morogoro anaijua kanuni hii kwenye breki zake: upepo ukiisha kwenye mtungi, springi hukaza breki zenyewe na gari husimama, kwa sababu mbuni aliamua mapema hitilafu ielekee wapi. Wabuni wa propela nao waliamua hivyo. Shinikizo la oili likipotea angani, mapanga yanajilaza, na injini iliyokufa haigeuki kuwa ukuta wa kuizuia ndege. Uamuzi huo ulifanywa kwa ajili ya usalama wa angani. Lakini ndio huohuo unaoamua propela itakuwa katika hali gani asubuhi, injini ikiwa imelala usiku kucha na oili yote imeshuka.

Hapo injini za turbini zinagawanyika katika familia mbili. Ya kwanza ni ya turbini huru, na mwakilishi wake mkuu ni PT6 ya Pratt & Whitney Canada, inayotumika katika Cessna Caravan na de Havilland Twin Otter. Ndani yake kuna shafti mbili zisizoshikana. Moja inazungusha kompresa na turbini inayoiendesha. Nyingine inabeba turbini ya nguvu, ambayo kupitia giaboksi inazungusha propela. Kati ya shafti hizo hakuna chuma kinachoziunganisha, kuna gesi ya moto tu. Stata, yaani mota ya kuwashia injini, inazungusha upande wa kompresa peke yake, upande ambao kwa kasi kamili huzunguka takriban mara 37,500 kwa dakika, na haina habari na propela hata kidogo. Kwa hiyo haijalishi kama mapanga yamelazwa na ni mazito kuzungushwa. Injini inawaka, gesi inaanza kupita, na propela inaanza kuzunguka taratibu. Rubani akiuacha wenzo wa propela kwenye nafasi ya kulaza, mapanga yanabaki yamelala, injini inaendelea kuwaka, na ndege inakaa gatini karibu bila kusukumwa.

Wasafiri wa Tanzania wameshaiona kanuni hii bila kuambiwa. Ndege za ATR zina breki ya propela kwenye injini ya kulia, na ndege ikiwa imeegeshwa, injini hiyo inaweza kuwaka na kutoa umeme na hewa baridi ndani huku propela yake imesimama kabisa. Jambo hilo lisingewezekana kama propela na kompresa zingekuwa kwenye shafti moja. Linawezekana kwa sababu turbini ya nguvu inaweza kuzuiwa huku gesi ikipita na upande wa kompresa ukiendelea na kazi yake. Ndege ndogo za PT6 hazina breki hiyo, lakini uhuru wa shafti mbili ni uleule, na kwenye maji unatumika kwa kulaza mapanga badala ya kuyashika.

Familia ya pili ni ya shafti moja, na mfano wake ni TPE331, iliyobuniwa na kampuni ya Garrett na leo iko chini ya Honeywell. Ndege za zamani za Otter zilizobadilishwa injini huko Amerika Kaskazini huitumia hadi kwenye vielea vya majini. Hapa kompresa, turbini na propela vimeungwa kwa shafti na gia. Stata ikizungusha kimoja, imezungusha vyote. Mapanga yakiwa yamelazwa, stata italazimika kuipiga hewa kwa bapa, kasi haitapanda inavyotakiwa, na joto la turbini linaweza kuvuka mpaka. Kwa hiyo injini hii huwashwa mapanga yakiwa kwenye pembe ndogo, yameshikiliwa hapo na pini zinazoitwa vifungio vya kuwashia. Pini hizo haziingii zenyewe kwa bahati. Rubani anapozima injini, lazima avute wenzo wa nguvu nyuma wakati kasi inashuka, ili mapanga yashuke pembe na pini zishike kabla springi hazijayalaza. Akisahau, mapanga yatalala, na kabla ya kuwasha tena itabidi pampu ya umeme isukume oili ili kuyarudisha. Na injini ikishawaka, pini zinafunguliwa kwa kuuvuta tena wenzo kuelekea pembe ya kurudi nyuma kwa muda mfupi.

Sasa tuzipeleke familia hizi mbili Mafia. Katika mlango wa bahari kati ya Mafia na bara, wakati wa bamvua maji hupanda na kushuka zaidi ya mita 3, na kati ya kujaa na kupwa mkondo unakwenda kwa nguvu. Kusi ikivuma, ndege iliyo juu ya vielea inataka kugeuza pua yake kuukabili upepo, kwa kuwa mkia wake mrefu unashika upepo kuliko sehemu ya mbele. Mkondo unaweza kuivuta upande mmoja na upepo ukaigeuza upande mwingine. Mtu aliyesimama kwenye kielea au kwenye jukwaa anafungua kamba, na propela inazunguka hatua chache mbele yake. Kwa PT6 iliyolazwa mapanga, anafanya kazi hiyo karibu na propela inayozunguka taratibu, na ndege haimvuti. Rubani ana nafasi ya kuhakikisha injini imetulia, joto limeshuka, shinikizo la oili limefika, kabla hajaamuru kamba ifunguliwe. Kwa TPE331 iliyo kwenye vifungio, msukumo nao ni mdogo, lakini propela tayari inazunguka kwa zaidi ya nusu ya kasi yake kamili, na hatua ya kuzitoa pini inaipa ndege mvuto mfupi wa kurudi nyuma ambao lazima uwe umepangiwa nafasi.

Haki inanitaka nitaje udhaifu wa ile ninayoipendelea. Mapanga yaliyolazwa hayawezi kuisukuma ndege, hayawezi pia kuirudisha nyuma. Rubani wa PT6 akishaachiwa kamba, anapeleka mbele wenzo wa propela na kusubiri sekunde chache oili iyatoe mapanga kwenye kulala. Katika sekunde hizo ndege ni mali ya upepo na mkondo. Rubani wa TPE331, akishatoa pini, anapata jibu la haraka sana mbele na nyuma, kwa sababu injini na propela vinakwenda pamoja na kasi iko tayari. Katika bandari finyu iliyojaa majahazi, wepesi huo una thamani kubwa. Lakini nikipima pande mbili, udhaifu wa PT6 unaweza kupangiwa: rubani anaweza kuyatoa mapanga kwenye kulala kamba moja ikiwa bado imeshika, au kuchagua upande wa gati ambao mkondo unamwondoa badala ya kumbana. Udhaifu wa shafti moja unategemea kumbukumbu ya mtu wakati wa kuzima injini jana jioni. Mfumo ambao usalama wa asubuhi unategemea jambo lililofanywa au kusahauliwa jioni unahitaji nidhamu na mafundi wengi kuliko huduma changa inavyoweza kuwa navyo.

Pingamizi la kwanza nitakalolisikia ni kwamba hayo yote ni kazi ya rubani: mpe mafunzo, naye ataimudu ndege yoyote. Ni kweli kwamba rubani hodari huziba mapengo mengi. Lakini uhodari unafanya kazi ndani ya kile chombo kinachoruhusu. Hakuna ustadi unaoweza kuipa stata ya shafti moja nguvu ya kuzungusha mapanga yaliyolazwa. Tena, anayekuwa hatarini zaidi gatini mara nyingi si rubani. Ni mshika kamba, nahodha wa boti, mchukuzi wa mizigo, na watoto wanaokuja kutazama. Wao hawana leseni wala hawasomi geji. Ajali ya Bukoba ya tarehe 6 Novemba 2022, iliyohusisha ATR ya Precision Air ambayo haikuwa ndege ya majini, ilichukua maisha ya watu 19 kati ya 43, na wavuvi ndio waliofika kwanza. Funzo moja tunaloweza kulibeba kutoka huko ni kwamba popote ndege inapokuwa majini, watu wa majini ndio wa kwanza kuifikia. Chombo kinachowekwa kati yao lazima kiwe kile kinachowasamehe zaidi.

Pingamizi la pili ni la nguvu: katika joto letu, si Sopwith zilishindwa kwa kukosa nguvu? Basi tafuta injini kubwa kwanza. Nakubali kwamba nguvu ndiyo inayoamua kama ndege itang'oka majini, na historia ya 1915 inashuhudia. Lakini tatizo hilo kwa sehemu kubwa limeshatatuliwa. Caravan yenye injini ya nguvu farasi 675 na propela inayozunguka mara 1,900 kwa dakika inaruka katika joto la pwani kila siku, na propela yake inajirekebisha pembe ili kutumia nguvu hiyo sawasawa, jambo ambalo mbao zilizochongwa zisingeweza. Kuongeza nguvu juu ya hapo hakumsaidii mtu nusu dakika ya kwanza gatini. Injini kubwa yenye propela isiyoweza kutulizwa inazidisha hatari pale pale ambapo hakuna breki.

Pingamizi la tatu linasema tusubiri injini za umeme. Mnamo tarehe 10 Desemba 2019, kampuni ya Harbour Air ya Canada ilirusha ndege ya majini ya Beaver iliyowekwa mota ya umeme ya magniX, na wengi waliona huo ni mwanzo wa zama mpya. Mimi naiona kama ushahidi wa hoja hii hii. Mota ya umeme inaweza kuwa tayari huku propela imesimama kabisa, na ikaanza kuzunguka rubani akitaka, bila mwendo wa chini unaolazimu kuwaka wakati wote. Sifa hiyo ndiyo tunayoitafuta kwa kulaza mapanga. Lakini uzito wa betri bado unabana umbali na mzigo, na safari za Delta na visiwa vya Mafia hazitasubiri hadi ubanaji huo uishe.

Kuna pia watakaouliza kwa nini tujisumbue, wakati uwanja wa ndege wa Mafia una njia ya lami na boti zinatoka Nyamisati. Kwa abiria wa Kilindoni, jibu ni kwamba huenda hawaihitaji ndege ya majini. Lakini Chole, Juani na Jibondo hazina njia ya kurukia, na vijiji vya ndani ya Delta vimezungukwa na mikoko na mito. Mafuriko ya Rufiji na Kibiti ya mwaka 2024, na kimbunga Hidaya kilichofika Mafia Mei mwaka huohuo, vilitukumbusha jinsi watu wanavyoweza kukatiwa njia. Sidai kwamba ndege ya majini inatua kwenye mto wenye magogo yanayoelea. Haitui, na hilo lisemwe mapema ili matumaini yasizidi uwezo. Lakini maji yakishatulia, ndege inayoweza kuwashwa imefungwa, ikakaa bila kujisukuma mpaka mtu wa boti aseme njia iko wazi, ina nafasi ya kufanya kazi mahali ambapo ile inayokwenda mara ikiwaka haina.

Mkazi wa Kisarawe naye ana haki ya kuuliza haya yanamhusu nini, wakati wilaya yake haina bahari. Yanamhusu kwa njia mbili. Kwanza, wilaya zote za Pwani zinapanga na kuomba fedha kupitia mkoa mmoja, na uamuzi mbaya unaofanywa Kibaha unalipwa pia na Kisarawe. Pili, njia ya moja kwa moja kutoka uwanja wa Dar es Salaam kwenda viwanja vya Hifadhi ya Taifa ya Nyerere inapita juu ya Kisarawe, na ndege za Caravan ni sehemu ya kazi hiyo kila siku. Maana yake ni kwamba ujuzi wa PT6, mafundi wake, vipuri vyake na marubani wake tayari vipo kwenye uwanja huo, si mbali na Kisarawe. Kuchagua familia ya injini ambayo tayari ina mikono inayoijua hapa ni sababu ya ziada, na kwa mradi mdogo huenda ikawa nzito kuliko tofauti ya wepesi niliyoitaja.

Basi mtu yeyote atakayewasilisha mpango wa ndege za majini mbele ya mkoa, au mbele ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania, aulizwe mambo matatu kabla ya kuulizwa bei. Injini ikiwaka na kamba ikiwa imefungwa, mapanga yako kwenye pembe gani, na ni nini kinachoyashikilia hapo? Kutoka hali hiyo hadi rubani apate msukumo wa mbele na wa nyuma, zinapita sekunde ngapi, na ndege itakuwa imeelekea wapi kwa mkondo wa bamvua? Na ni nani aliyewafundisha washika kamba, kwa Kiswahili, upande wa kusimama na ishara ya kusubiri? Anayeweza kujibu matatu haya kwa ndege aliyoichagua ameuelewa mradi wake. Asiyeweza apewe muda wa kurudi kujifunza, na asipewe kibali hadi atakapojibu.